Safari Inayofaa Watu Wote

Mmeniganda wiki nzima, Bibi iandike, Bibi iandike, kana kwamba mkono wangu ni wa karani. Shule niliiacha kabla sijafika kwenye hesabu za kugawanya. Tena hadithi yenyewe si yangu, ni ya jirani yangu Anisya, na aliponisimulia alikuwa anakwangua magamba ya samaki na hakuinua macho hata mara moja. Lakini nyinyi mmeizoea vipande vipande, kila mtu anaitia mkia wake. Basi naiandika mara moja. Nikimaliza, msinirudie.

Mwaka ule Anisya alikuwa na miaka sabini na minane. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliishi Seattle kwa binti yake Berta, tangu mwanawe mdogo, Wesley, azame kwenye ghuba yetu hii na mwili usionekane. Hakutaka kuyaona tena maji haya. Wanawe ndio waliomkatia tiketi ya meli ya kitalii, yale majumba yanayoelea yanayokuja huku kaskazini kutazama barafu yetu. Eti zawadi.

"Mtu anikatie tiketi nikaone mlango wa kwetu kupitia dirishani," alisema. Lakini alipanda.

Walipanda watano. Anisya. Berta, mwenye magoti mabovu. Emmett, mwanawe mkubwa wa kiume, mwenye sauti kubwa kuliko akili. Kaylene, binti wa Berta. Na mtoto wa Kaylene, Otis, miezi minane, mnene kama mtoto wa sili.

Meli yao ilikuwa ya mwisho wa msimu, Septemba inakatika. Ilipofika hapa kwetu ukungu ukashuka, nahodha akatangaza kwamba watalala gatini na kesho yake, siku nzima, abiria washuke watembee. Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu kila meli ina kitabu cha matembezi, na hakuna kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa miaka sabini na minane na watu wa miezi minane kwa pamoja.

"Helikopta," Emmett akasema. "Inatua juu ya barafu kabisa."

"Na magoti yangu yatashuka na parachuti?" Berta akamjibu.

"Mtoto wa miezi minane hawampandishi, Mjomba," Kaylene akasema. "Nimeuliza. Kuna basi lenye joto linakwenda mpaka pale pa kutazamia."

"Kukaa kwenye basi na vizee vinavyosinzia?"

"Kizee ni mimi," Anisya akasema. "Na nikitaka kusinzia ninacho kitanda. Mimi nataka mashua, inipeleke ng'ambo ya ghuba nikaone nilipozaliwa."

Emmett akafunga kitabu. "Mashua hapana. Ng'ambo hakuna kitu."

Alilisema upesi mno. Anisya aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Saa kumi na mbili na nusu jioni Berta akasema twendeni basi kwenye vibanda vya gatini, wenyeji huwa na safari ambazo kitabu hakina. Wakashuka. Ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono unaupoteza. Kibanda cha kwanza, kufuli. Cha pili, kufuli. Otis akaanza kulalamika kwa kulowa.

"Nimembadilisha sasa hivi," Kaylene akanung'unika. "Huyu mtoto ni bomba lililopasuka."

Kisha Emmett akaona taa. Moja tu, ya njano, mwisho kabisa wa gati. Wakaifuata. Mbao zilikuwa zinalia chini ya miguu yao... kwi, kwi, kwi... halafu zikaacha kulia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Manyoya mabichi. Samaki wa juzi.

Nyuma ya meza alisimama mwanamume mwenye koti la mvua, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi, mikono ameiingiza ndani ya mikono ya koti. Alikuwa mwembamba. Alikuwa anatabasamu, au mdomo wake wa juu ulikuwa mfupi.

"Familia kubwa," akasema polepole, na kila neno lilimalizikia kwenye mluzi mdogo. "Ni vigumu kupata ya kuwafaa wote."

"Wewe wasema!" Berta akacheka.

"Ninayo moja. Haina ngazi hata moja, mama mwenye magoti. Kuna mahali pa joto pa kumlaza mtoto. Kuna samaki wa kuvua, kwa huyu bwana. Na bibi... bibi nitampeleka ng'ambo alikozaliwa."

Siku nzima walikuwa wamegombana, na mtu huyu kawamaliza kwa pumzi moja.

"Mashua ipo hapo chini," akasema. "Twendeni sasa, maji yamejaa. Mtoto nampima jaketi okozi kwanza. Mlete."

Kaylene akafungua blanketi. Nasema hivi na mnielewe: Kaylene ni mama ambaye hampi mtoto wake hata muuguzi bila kumuuliza kanawa lini. Jioni ile alifungua blanketi kama mtu anayevua koti nyumbani kwake, akamnyooshea mgeni mtoto.

Mikono ikatoka kwenye koti.

Anisya akaiona. Ilikuwa na manyoya mpaka kwenye kucha.

Sisi wa huku hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Mtu akizama, watu-fisimaji, wale nusu mtu nusu mnyama wa majini mwenye manyoya, humchukua wakamfanya mwenzao. Ndiyo maana ndugu yake mkubwa huenda ufukweni, akawasha moto, akaliita jina la ukoo la yule aliyezama, lile alilorithishwa yeye peke yake, usiku na mchana, mpaka sauti imkauke. Asiyeitwa husahau yeye ni nani. Kisha hurudi na sura ya kuazima kutafuta wa kwao awapeleke huko. Na vitu vinavyowachukiza tunavijua tangu tukiwa wadogo: mbwa, shaba, na mkojo wa binadamu.

Mbwa hakuwapo. Shaba haikuwapo.

Anisya alimnyakua Otis kutoka mikononi mwa mama yake, akachomoa ile nepi iliyolowa ikawa nzito kama jiwe, akampiga nayo yule mtu usoni.

"Safari yako hiyo!"

Mluzi uliotoka pale si wa mdomo wa mtu. Ulipasua ukungu. Na taa ikazimika, na meza haikuwa meza. Lilikuwa shina la mti lililotupwa na maji, mizizi juu. Wala gati halikuwapo. Walikuwa wamesimama ufukweni ndani ya bahari, maji yamewafika magotini, baridi yake ndiyo kwanza inauma, na taa za meli ziko nyuma yao mbali, ndogo kama vijinga vya moto.

Berta akapiga kelele. Anisya akamwambia anyamaze, kelele ni chakula chao.

Kofia ilikuwa imeanguka. Sura ile Anisya aliijua. Aliizaa.

"Mama," Wesley akasema.

"Usiniite hivyo kabla hujaniambia unataka nini."

"Mmoja. Nipeni mmoja wa ukoo, nisiwe peke yangu. Huyo mdogo atazoea haraka."

"Hupati."

Miluzi ikaitika kwenye ukungu. Kushoto... kulia... nyuma, kati yao na meli. Mingi. Maji yakapanda mapajani.

"Kaka yako alikuita siku nane," Anisya akasema. "Ulikuwa na masikio. Kwa nini hukuja?"

Yule akageuza kichwa, taratibu, akamtazama Emmett.

"Siku nane?" Mluzi. "Aliita siku moja. Siku ya pili adhuhuri akawaambia wenzake inatosha. Akaenda akatia nanga nyuma ya kisiwa, akavua. Mimi nilikuwa juu ya mwamba, Mama. Mguu umevunjika. Usiku nilikuwa naiona taa ya mashua yake."

Anisya hakugeuka. Alisema tu, "Emmett."

"Samaki walikuwa wanapita, Mama." Sauti kubwa ile ilikuwa imekwisha yote. "Wiki moja tu ndiyo tunaruhusiwa kuvua... Nilidhani ameshakufa. Naapa. Nilidhani naliita gogo."

"Ukarudi ukaniambia siku nane. Ukala chakula cha matanga yake kwenye meza yangu."

"Mama, maji..."

"Nayaona maji. Muite sasa."

Emmett akaita. Akaliita jina la ukoo la mdogo wake mara moja, mara mbili, akalia, akaita tena. Yule alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mbwa anayesikia redio. Halikuwa lake tena. Miaka kumi na mmoja, jina limeshaoza.

"Mmoja," akasema. Na mkono wa manyoya ukashika blanketi la Otis.

Kaylene ndiye aliyezinduka hapo. Akamchukua mwanawe mikononi mwa Anisya, akamkumbatia kwa nguvu zote, akasema huku akiuma meno, "Mjomba ndiye aliyekuacha! Mchukue yeye!"

"Naenda," Emmett akasema. "Mama, niache niende."

Mama mwingine angelia, angeomba, angemwachia mkubwa aende ili mdogo abaki. Anisya alikasirika. Alikasirika mpaka baridi ikamtoka. Akawatukana wote, wa majini na wa nchi kavu. Akaiambia ile miluzi kwamba inanuka, kwamba amezaa kwa uchungu watu watatu, na hakumzaa hata mmoja ili awe mkufu wa shingo ya fisimaji. Mmoja walishachukua. Wa pili hawampati, hata kama ni mbwa mwizi, kwa sababu ni mbwa mwizi wake. Na mtoto? Wathubutu.

"Unadai nini hasa?" akamwambia Wesley. "Mtu? Watu unao wengi huko, nawasikia. Ulichonyimwa ni kuitwa. Huna jina. Ndiyo shida yako."

Wesley akalivuta blanketi.

"Basi nakupa jina. Zima, halijaoza."

Emmett akaelewa kabla ya wengine. "Mama, hapana. Hilo hapana. Afadhali niende."

"Najua ungeona afadhali."

Jina la ukoo la Emmett lilikuwa la mjomba wake Anisya, na kabla yake la mjomba wa mjomba yule, watu waliozikwa kabla meli hizi hazijajua njia. Silitaji hapa. Mwenye haki ya kulitoa alikuwa Anisya, kwa kuwa kwetu jina hupitia kwa mama. Alilitamka mara tatu juu ya maji. Akasema kwamba kuanzia sasa hakuna mtu wa nchi kavu mwenye jina hilo.

Yule akalijaribu mdomoni. Mara ya kwanza alikosea, kama mtu anayevaa kiatu cha mwenzake. Mara ya pili likamkaa.

Akaliachia blanketi.

Akarudi nyuma kwenye maji, kiuno, kifua, kidevu... na hakuacha kulisema. Miluzi ikamfuata upande ule. Kisha kimya, na mawimbi madogo tu.

Walitembea kufuata taa za meli, Anisya mbele, Emmett nyuma kabisa na hakuna aliyemshika mkono. Mlinzi wa ngazini alipoziingiza kadi zao kwenye mashine akawatazama. Kadi zilionyesha walikuwa nje kwa muda wa saa tatu. Berta angeapa ni dakika kumi. Wakamuuliza kuhusu vibanda vya gatini, akasema viwili vimefungwa tangu Jumatatu, na cha tatu hakijawahi kuwapo. Ukungu, akasema. Kila mwaka kuna mgeni anayetembea mpaka ufukweni akidhani yuko kwenye mbao. Huenda. Ila upande wa kushoto wa blanketi la Otis ulikuwa na nywele za kahawia, fupi, nzito, na Kaylene alizichoma zote na bado lile blanketi hakulitumia tena.

Kesho yake hawakuchagua safari yoyote.

Mwaka uliofuata Anisya alirudi kuishi hapa, akamfanyia Wesley karamu ya matanga upya, kama ilivyostahili. Emmett alikuja. Majina yakaitwa, kila mmoja kwa jina lake la ukoo apokee blanketi na bakuli lake, na zamu ya Emmett ilipofika ikarukwa. Akasimama. "Mama, na mimi?" Anisya akaniuliza mimi, nilikuwa nimeshika mwiko, "Huyu mgeni ameshapewa supu?" Nikampa supu, kwa bakuli la wageni. Aliinywa yote mbele za watu.

Anazo karatasi zake, Emmett, na leseni, na Seattle wanamwita kama kawaida. Hata siku moja hasogelei maji. Jioni zenye ukungu sisi tunasikia ng'ambo ya ghuba kitu kinalirudia jina lile, kinalisema vizuri kuliko alivyowahi kulisema yeye, na mbwa wa mji mzima wanabweka. Mwaka huu alikuwa kwangu likaitwa. Nilimwona akiinuka kitini, hatua mbili kuelekea mlangoni, halafu akakumbuka kwamba si yeye.

Ndilo alilolipa. Siku Emmett atakapozama, tutashuka ufukweni sote, tutawasha moto, na hatutakuwa na cha kuita.