Unga Uliozama Chini ya Tangi

"Kozi, lori lipi? Jibu."

Sauti ya Mkuu wa idara ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. Afisa Kozi aliipunguza sauti.

Kwenye kizuizi cha barabara yalisimama malori manne ya mafuta ya kula. Yote meupe, yote yamebadilishiwa namba njiani. Mafuta ya lori moja yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya transfoma, ambayo ni sumu, na mafuta kwa mafuta yakishachanganyika, jicho haliambulii kitu. Lilikuwa linaelekea jikoni kwa hospitali kuu.

Mama yake mzazi alikuwa amelazwa humo.

Kibali cha hakimu kilikuwa cha kukamata lori moja tu. Akikamata silo, lenye sumu linapita.

Alimulika tena kila bomba kwa tochi ya urujuanimno. Asubuhi alijipenyeza kwenye ghala la magendo, akamimina unga wa alama ndani ya tangi la lori lenye sumu. Mafuta yalipaswa kung'aa kijani.

Hakuna kilichong'aa.

Mkemia wa idara alikuwa shemeji yake, dada wa mkewe. Jana alipoanza kumweleza habari za zile pakiti, Kozi alimkata kauli mbele ya watu: "Shemeji, hata chai nakoroga mwenyewe." Wenzake wakacheka, naye akatoka akijiona mwamba.

Akapiga simu.

"Shemeji, unga haujashika."

"Ulichukua pakiti gani?"

"Ya buluu."

"Ya buluu ni ya maji, shemeji. Kwenye mafuta haiyeyuki hata ukoroge mpaka kesho. Inazama tu."

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Angemtukana ingekuwa nafuu.

"Nisamehe. Mama yumo hospitalini humo."

"Najua. Una maji?"

"Chupa ya kunywa."

"Unga umelala chini ya tangi. Fungua bomba la chini, kinga mafuta kidogo juu ya maji, tikisa. Ukikutana na maji utayeyuka, tena upesi."

Lori la kwanza: mafuta yalielea, maji yakabaki meupe.

"Bosi, unatupikia nini?" dereva wa pili alimtania. Kwake pia, meupe.

La tatu. Kozi alikinga, akatikisa, akamulika.

Chembe zilishuka kwenye mafuta, zikagusa maji, zikapotea. Maji yote yakawaka kijani.

Dereva aliinama, akapeleka mkono chini ya kiti. Alipoinuka, bastola ya Kozi, Beretta, ilikuwa shingoni mwake.

"Leseni huwa haiwekwi huko, ndugu yangu. Shuka taratibu."

Pingu zikalia. Kozi akashika redio.

"Mkuu, tumelipata. La tatu. Unga wa alama ulikuwa umezama chini ya tangi."

"Safi sana! Kuficha alama chini ya tangi, wasiione! Akili ya nani hiyo?"

Idara nzima ilikuwa hewani. Kabla Kozi hajajibu, sauti ya shemeji yake iliingia, tulivu.

"Yake, Mkuu. Ndivyo tulivyopanga."

Hapo ndipo aibu ilipompata sawasawa. Alitazama maji ya kijani mkononi, akabonyeza redio.

"Mkuu, huyo ananistiri tu. Nilichukua pakiti siyo kwa sababu nilikataa kumsikiliza. Lori amelikamata yeye."

Hewani hakuna aliyecheka.

Akaweka bastola kiunoni, akavaa miwani yake ya jua, akatembea taratibu kuelekea kwenye Land Cruiser. Masikio yalikuwa bado yanawaka.