Mfagiaji Haoni Ng'ambo

Tangu asubuhi Mama Vifaranga hakai. Anachungulia mashine ya kutotolea mayai, anaingia jikoni, anasahau alichofuata, anarudi kuchungulia. Programu ya mashine hiyo aliiandika yeye mwenyewe. Jana ilizima ghafla na mayai yakaanza kupoa. Yakipoa tena, vifaranga walio ndani watakufa.

Wifi yake, dada wa mumewe, naye huandika programu. Alipofika tu, akamiminiwa maneno.

"Wifi, nimechanganyikiwa! Nikiweka mstari wa kuonyesha joto kwenye skrini, mashine inakwenda. Nikiuondoa, inazima."

"Si uuache tu?" mume akadakia.

"Kaka, hayo hayakuhusu. Rudi kwa kuku wako," wifi akamtania, kisha akavuta kiti. "Umetumia lugha ngapi za programu?"

"Mbili. Moja ya skrini, moja ya kuwasha hita inayopasha mayai joto."

"Ya skrini ina mfagiaji. Kitu kisichoshikwa na yeyote upande wake, anakizoa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ya hita haina. Huko unafagia mwenyewe. Sasa kiwango cha joto umekiweka wapi?"

"Upande wa skrini. Hita nimeipa anwani tu, ya mahali kilipo kwenye kumbukumbu."

"Ndiyo hapo! Mfagiaji haoni kwamba ng'ambo kuna mtu anakitumia. Anakizoa. Hita ikienda kwenye anwani ile, inakuta takataka, mashine inazima."

"Na ule mstari wangu?"

"Ulikuwa umekishika. Umebahatika tu."

Mama Vifaranga aliigeukia mashine. Mayai yote yale, yanalindwa na bahati!

"Nifanyeje? Sema upesi!"

"Mwambie mfagiaji kitu hiki kinatumika, asikizoe wala asikihamishe. Hita ikisema imemaliza, kiachilie. Ukisahau kuachilia, kumbukumbu itajaa. Na kilichoundwa upande wa hita, kirudishe hukohuko kikafutwe."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Wifi akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Sasa ondoa ule mstari."

"Niuondoe? Na mayai yamo?"

"Uondoe."

Aliuondoa. Mashine ikaendelea kunguruma. Mchana kutwa joto halikushuka, lakini yeye bado alizunguka nyumba nzima, hata mume akamwambia atachimba sakafu.

Siku ya kutotoa ilipofika, mume alimwita kwa sauti ya chini. Mama Vifaranga alikwenda mbio, akainama, akatega sikio.

Yai lilikuwa zima, halina hata ufa. Ndani yake kifaranga alikuwa analia.