Mke Wangu Anauza Kabati Lote

"Mhandisi, ile jibini ya mlimani bado ipo au watu wameshaiwahi?"

Ilikuwa Ijumaa saa nane mchana. Nilikuwa nimeinamia mchoro wa mtaro, jasho linanichuruzika, kichwa kinagonga. Nikamtazama Vitorino, mpimaji wetu, nikadhani joto la Luanda limemzidi.

"Jibini gani?"

"Ya mkeo! Si anauza? Mafuta ya zeituni, soseji za moshi, samaki wa bakalau mzima mzima, kila kitu. Nimeomba niwekewe jibini, lakini kuna mama mmoja wa Talatona ananikimbiza."

"Ondina hauzi kitu."

"Haya, soma mwenyewe bwana."

Akanipa simu yake. Lilikuwa lile kundi letu la Kikapu, ambamo Wareno wote wa mji huu tunaambiana meli imeleta nini, kimefika duka gani, na nani kapandisha bei. Nikakuta ujumbe wa mke wangu:

"Habari za mchana. Nauza kabati lote na vyote vilivyomo kwenye friza. Bakalau, jibini, mafuta, kahawa, makopo. Sitaki kubaki na hata chupa moja. Njooni leo kuanzia saa tisa."

Chini yake watu walikuwa wameshaanza.

"Pole mpenzi, safari njema!"

"Mnaondoka lini jamani? Mbona kimya kimya?"

"Na siki nayo unauza? Hata kama imeshafunguliwa nachukua."

Kwetu sisi mtu hauzi kabati la chakula. Kabati unalijaza kwa miaka, kopo moja moja, ukimaliza viatu kwenye maduka. Ukiona mtu anauza mpaka vya kwenye friza, ujue ana tiketi ya ndege mkononi. Hakuna asiyelijua hilo.

"Kwa hiyo mnarudi Ureno?" Vitorino akauliza. "Mbona jana umesaini miaka miwili mingine?"

Nikamrudishia simu yake. Ni kweli nilisaini, mkataba wa nne huo, na mke wangu sikumwambia. Nilipanga nimwambie Jumamosi, nikishamnunulia kwanza kitu kizuri. Mikataba miwili iliyotangulia nilifanya hivyo hivyo.

Nikampigia Ondina. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, hola. Nikamwandikia:

"Ondina, nini hiki? Pokea simu."

Jibu likaja baada ya dakika tano.

"Nina wateja."

* * *

Barabara ya Samba ilikuwa imeshikamana. Nimekaa ndani ya gari nasogea hatua tatu nasimama, mara simu ikaita. Dona Zulmira, mke wa bosi wangu na mkuu wa lile kundi, mwanamke anayejua bei ya siagi katika kila duka la mji huu.

"Amílcar mwanangu, mimi sipendi umbea."

Mtu akianza hivyo, umbea uko njiani.

"Sema tu, Dona Zulmira."

"Asubuhi nilikutana na mkeo kwenye lile duka la ghubani, tukawa tunalinganisha siagi. Pale imepanda, bora ya Talatona, ila Talatona nako hawana ile yenye chumvi. Basi nikampongeza."

"Ukampongeza kwa lipi?"

"Mkataba! Nikamwambia hongera, miaka miwili mingine. Halafu nikampa pole, maana wote tunajua anavyoteseka na chakula cha hapa."

Nikafumba macho. Gari la nyuma likanipigia honi.

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, 'Nateseka na nini?' Nikamwambia, si mumeo anatusimulia kila siku? Ondina hawezi kula hiki, Ondina analia akikosa kile. Akairudisha siagi, akaondoka bila hata kuniaga. Mwanangu, nimeharibu?"

"Hapana, Dona Zulmira. Aliyeharibu ni mimi."

"Afadhali. Sasa hebu niambie, ile kahawa yenu mlikuwa mnainunua wapi?"

Nikakata simu.

* * *

Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ghorofa tano kwa miguu, magoti yananilalamikia, nikakuta mlango wa nyumba yangu uko wazi na jikoni kumejaa watu. Mama mmoja kazamisha kichwa kwenye friza. Kijana mmoja na mkewe wananusa mafuta ya zeituni. Wengine wamekumbatia makopo kifuani. Na Ondina wangu amekaa kwenye kigoda pembeni, mikono kaikunja, macho makavu, uso wa mtu ambaye hajalala vizuri muda mrefu.

"Ondina, tuongee."

"Panga foleni."

Watu wakacheka. Kisha wakagundua mimi ni nani, wakarudi kwenye makopo.

"Twende chumbani basi, tafadhali."

"Hapa hapa panatosha. Kundi zima linajua mambo yangu, hawa wachache wana ubaya gani?"

Yule kijana akanigeukia na kipande cha bakalau mkononi, yule samaki wetu mkavu wa chumvi. Maskini, hakujua kinachoendelea.

"Samahani kaka, huyu ni mnono kweli. Mlimpata duka gani? Sisi tuna wiki tatu tu hapa."

Na hapo ndipo nilipojimaliza. Naapa sikufikiri, mdomo ulijibu wenyewe.

"Usiende lile la barabara ya uwanja wa ndege, pale wanamkata vibaya. Nenda la ghubani Jumamosi kabla ya saa tatu, wanakuwa wametoka kufungua kontena. Ukimkosa, panda Talatona, bei kali ila nyama yake nene. Lakini Talatona usichukue mafuta, kwa mafuta bora urudi..."

Nikashtuka jiko zima limenigeukia. Ondina ananitazama.

"Endelea," akasema. "Kwa mafuta arudi wapi?"

"Ondina, samahani..."

"Jamani mmemwona? Mkewe anaondoka, yeye anamwelekeza mtu samaki!" Akamgeukia mke wa yule kijana. "Dada, sikiliza nikwambie. Miaka sita hizo ndizo Jumamosi zangu. Asubuhi ghubani. Saa tano Talatona. Saa nane uwanja wa ndege, kuangalia kama wenzao wameshusha bei. Tunarudi jioni miguu imevimba, tuna kopo moja la zeituni. Jumapili analala kama gogo, Jumatatu kazini. Mume wangu namjua kwa mgongo, anavyosukuma toroli."

Yule mama aliyeinamia friza akaifunga taratibu.

"Labda sisi tuje kesho," akasema.

"Hamna kuja kesho. Chukueni. Bei pangeni wenyewe, mimi nataka viondoke."

Akainuka akaingia chumbani. Nikamfuata. Sanduku lake lilikuwa kitandani, limeshafungwa.

"Ndege ni saa ngapi?"

"Ndege gani?"

"Ya Lisbon."

"Nani kakwambia naenda Lisbon?"

"Si umeuza kabati!"

"Nimeuza kabati kwa sababu nimechoka na kabati. Naenda Maianga, hapa hapa mjini. Nimepanga vyumba viwili uani kwa Esperança."

Esperança ni fundi cherehani. Mke wangu alikuwa anakwenda kwake kila siku, wanashona sare za shule. Mimi nilidhani anakwenda kupoteza muda.

"Maianga! Sasa huko utakula nini?"

Mungu anisamehe, ndicho nilichouliza. Ondina akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Ninachokula kila mchana tangu mwaka juzi. Ugali wa funge na mchuzi wa kalulu. Majani ya muhogo na karanga. Nakula nalamba vidole, halafu narudi hapa nakupikia bakalau wako, nakaa nakuangalia unavyokula huku machozi yanakulengalenga. Mimi mjinga nadhani ni mapishi yangu hayo."

"Nilikuwa nakununulia wewe."

"Lini nilikuomba?"

Nikaangalia sakafu.

"Niangalie, Amílcar. Nitajie siku moja niliyokuomba."

Nikatafuta miaka yote sita. Niliona makopo, niliona foleni, nilijiona mimi namwambia 'nimekuletea.' Siku aliyoomba sikuiona.

"Mama yako akipiga simu unamwambiaje? 'Ondina amechoka, Ondina anataka kurudi nyumbani.' Nakusikia nakaa kimya, nadhani unamfurahisha mzee. Kumbe na kazini hivyo hivyo! Leo nimesimama mbele ya siagi napewa pole kama mfiwa. Mji mzima unaniona mwanamke wa kulialia. Nimekukosea nini?"

Nikakaa pembeni ya kitanda.

"Hujanikosea. Anayelia ni mimi."

"Nini?"

"Anayelia ni mimi, Ondina. Tangu mwezi wa kwanza. Kazini naingia chooni, nafungua bomba, nalia. Mwanaume mzima wa miaka arobaini na nane! Wenzangu wanajipiga vifua, na mimi ndiye niliyekushawishi tuje huku. Ningeanzaje kusema nimeshindwa? Basi siku moja nikasema ni wewe. Ilinitoka tu. Baadaye ikawa rahisi."

"Na kama unalia, mkataba umesaini wa nini?"

"Kwa ajili ya pesa za kujenga ile nyumba kule nyumbani, Vinhais. Nilidhani unaitaka."

"Anayeitaka ni mama yako. Mimi sijawahi kuitaka."

"Sikujua."

"Ungejuaje na hukuuliza?"

Akakaa na yeye, lakini mbali na mimi. Huko jikoni mtu alikuwa anauliza siki imekwenda wapi.

"Nimechoka," akasema polepole. "Si kwamba sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningeshaondoka zamani na usingizi ningelala. Nimechoka kuwa kisingizio chako."

Akasimama, akashika sanduku lake. Nikamtangulia mlangoni, nikaenda kusimama katikati ya jiko. Hata Vitorino alikuwa ameshafika. Alinipita barabarani kwa pikipiki, sasa anahema, amekumbatia jibini yake.

"Jamani, naomba mnisikilize."

Sauti ilikuwa inatetemeka, nikaiacha itetemeke.

"Mke wangu hana shida na chakula cha hapa. Hajawahi kuwa nayo. Asiyeweza ni mimi. Anayelia akikosa jibini ni mimi. Miaka sita nimewadanganya, nimemsingizia yeye kwa sababu naona aibu. Pole mliyokuwa mnampa yeye, nipeni mimi."

Vitorino akaitazama jibini, akanitazama mimi.

"Sasa mhandisi... hii nirudishe?"

"Nenda nayo, Vitorino."

Nikatoa simu, nikayarudia maneno yale yale kwa ujumbe wa sauti, nikayatuma kundini. Dona Zulmira alikuwa wa kwanza kujibu: "Mungu wangu!" Sikungoja wa pili.

Ondina alikuwa ameshatoka. Nikamkuta ngazi za ghorofa ya tatu, anashusha sanduku kidogo kidogo.

"Ondina. Naweza kuja?"

"Kuja wapi?"

"Maianga."

Akasimama, hakugeuka.

"Kuna joto. Majirani wanafungulia muziki kutwa. Kitanda chembamba."

"Nitalala chini."

"Na kula?"

"Sijui. Pengine nitalia."

"Lia. Lakini ukilia, sema ni wewe unayelia."

"Nitasema."

"Na Desemba unakwenda kwa mama yako mwezi mzima, peke yako. Unapumzika, unakula. Ukifika kule ukaona huwezi kurudi, nipigie uniambie kwa mdomo wako. Nitaumia, lakini niambie. Usinidanganye tena, Amílcar. Sina nguvu ya kudanganywa tena."

"Sitakudanganya."

Nilimaanisha. Nilikuwa nimechoka kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilimpenda mwanamke yule mpaka kifua kinauma.

"Nisubiri basi dakika mbili, nikachukue nguo."

"Nguo zako ziko kwenye gari la Esperança tangu saa nane."

Nikashuka ngazi mbili kumfikia.

"Kumbe ulijua nitakuja?"

"Ningejuaje? Nilimwambia Esperança, nikishuka peke yangu azipandishe juu aziache mlangoni. Tungetoka mle ndani ukiwa bado unasema ulikuwa unaninunulia mimi, ningeshuka peke yangu."

Akaliachia sanduku, nikalibeba.

"Shuka basi, mwenzetu anatusubiri juani," akasema. "Na kesho Jumamosi usiniamshe. Nataka nilale mpaka saa nne, na wewe uwe pale."