Kodiani ya Eliécer Ilikuwa Kavu

Eliécer hakuwa amemaliza hata wimbo wa kwanza nilipoikamata kodiani yake nikaifunga kwa nguvu.

"Hii sauti umeitoa wapi?"

"Sauti gani tena, mpenzi? Pete imeingia kidoleni sasa hivi, ugomvi umeanza?"

Hapa Valledupar, Colombia, nyumba yenye msiba haifungui kodiani. Kaka yangu Wilmer alichomwa visu saba mtaa wa pili, na mwaka mzima hatukusikia muziki kwetu, mpaka leo, karamu ya pete yangu na Eliécer. Watu walimnyooshea kidole Eliécer. Mimi ndiye niliyemtoa mikononi mwa polisi. Niliapa kwamba saa Wilmer anakufa, nilisikia kodiani ya Eliécer ikilia kwake, nyuma ya ukuta wetu.

Na mimi ni binti wa fundi wa kodiani. Ziwe za safu mbili za vitufe, za safu tatu, hata zile za funguo kama piano, nafumba macho nakutajia mwenyewe. Ya Eliécer ilikuwa ya kutetemeka, inakuliza hata kama umeshiba. Hii ilikuwa kavu, imenyooka.

"Baba, nani ameibadilisha?"

"Mimi. Aliitaka kavu, ya mashindano."

"Lini?"

Baba aliweka chini bakuli la supu ya mbuzi. "Aliichukua Alhamisi. Jumamosi yake tukampoteza Wilmer."

Niliyoisikia Jumamosi ilitetemeka, na mtaa mzima iliyobaki ya namna ile ni ya binamu wa Eliécer, Yesid. Nilimpigia simu, nikaweka sauti kubwa wageni wote wasikie.

"Yesid, siku ile aliyekuwa anapiga ni wewe."

"Shemeji, nisamehe. Aliniambia anakwenda kwa mwanamke wake wa mji wa Codazzi, nipige ili usijue katoka. Kisu sikukijua. Baadaye niliogopa."

Eliécer alinivuta nywele, akaniwekea kisu shingoni.

"Wilmer alikuwa amenikuta na yule mwanamke. Akasema atakwambia. Nilifanya vile nisikukose, Nayibe."

"Ulimchoma mara saba ili usinikose?"

Nilimpiga na pembe ya kodiani mdomoni. Meno mawili yalianguka, kisu kikanichana mkono mpaka kwenye kiwiko. Wanaume wakamrukia. Walimpiga kwa viti, kwa chupa, kwa mateke, na baba akatoka jikoni na panga.

Nilimlalia Eliécer juu, nikamkinga.

"Toka hapo, mwanangu," baba alisema.

"Sitoki."

"Bado unampenda huyu?"

"Nampenda, baba, na najichukia kwa hilo. Lakini mkimuua leo, kiapo changu kitabaki kuwa neno la mwisho juu ya Wilmer. Mimi nilimtoa, mimi nitamrudisha."

Eliécer aliniita mpenzi, damu ikimtoka puani. Nilivua pete nikaitia mfukoni mwake, kisha nikapiga simu kwa mkono uliokuwa mzima.

"Inspekta, yule niliyewaapia mkamwachia yuko kwetu. Njooni mbio. Nimemlalia, na baba ameshika panga."