Kasha Lenye Pumzi

Mama Chapa ni jirani yetu, na mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa sababu riziki yake ni kuwachapia watu maandishi. Kwa miaka mingi alikuwa na kompyuta kongwe, inayojikongoja. Asubuhi aliiwasha, akaenda kuteka maji, akaosha vyombo, akamkanda mgongo mama mkwe wake, na aliporudi mezani kile kiduara cha kusubiri kilikuwa bado kinazunguka.

"Mzee wako ameamka?" mama mkwe aliuliza kutoka kitini kwake.

"Bado anatafuta viatu, mama."

Wakacheka. Walikuwa wanawake watatu katika nyumba ile: Mama Chapa mwenyewe, aliyekuwa mjane; mama mkwe, aliyebaki naye baada ya msiba; na binti, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule. Nyumba ndogo, safi. Mama Chapa alikuwa mtu wa usafi wa kupitiliza. Unywele kwenye sabuni ulitosha kumharibia siku.

Mwezi ule alikuwa amepata kazi kubwa. Mhadhiri mmoja alimletea mswada wa kitabu, kurasa mia nne za mwandiko uliolala kama nyasi baada ya mvua kubwa, akautaka mwisho wa mwezi bila nyongeza hata ya siku moja. Malipo yake ndiyo yangemsajili binti kwenye mtihani. Alipofika ukurasa wa sitini, kompyuta ikakohoa, ikatoa harufu ya mpira ulioungua, ikazimika moja kwa moja.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi wa redio na kompyuta. Watu walimwita Waya. Alikuja na bisibisi zake, akaifungua, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Shemeji, hapa ndani hakuna cha kufufua haraka. Ila kazi yako naweza kuiokoa kwenye diski. Skrini nzima, kibodi nzima, kipanya kizima. Tafuta kasha tu, lile sanduku lenye mashine yenyewe, lililotumika, tulichomeke hapa. Kompyuta mpya ni ya wenye nafasi."

Kesho yake Mama Chapa akaenda kwenye uchochoro wa vitu vilivyotumika, ambako makasha ya ofisi zilizofungwa yalipangwa hadi darini kama matofali. Kila alilolipenda lilimshinda bei. Mwisho muuzaji mmoja akamtazama muda mrefu, akaingia nyuma, akatoka na kasha jeusi lenye nguvu kuliko yote aliyokuwa ameyaulizia. Bei yake ilikuwa ya chini mno, kiasi kwamba alirudia kuuliza mara mbili. Hakuhitaji hata kubembeleza.

"Mbona rahisi hivi, kaka?"

"Chafu, mama. Utalifuta mwenyewe."

Kweli lilikuwa chafu. Lilikuwa na utando wa mafuta, kama kola ya shati lililovaliwa wiki nzima. Mama Chapa aliona pia kwamba muuzaji amevaa mifuko ya plastiki mikononi, ameifunga kwa mpira penye kiwiko. Akajisemea, huyu naye ni msafi kama mimi. Akalitia kwapani kasha lake, jepesi kama kapu tupu, akarudi nalo nyumbani.

Alilifuta kwa spiriti mara tatu. Pamba ilitoka ya njano. Waya akaunganisha nyaya, akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole skrini ikawaka. Mama Chapa akapiga vigelegele. Siku ile alichapa kurasa ishirini na tano, na kasha halikusita hata mara moja.

Jioni, alipoinama kuzima, hewa ya feni ikampiga usoni. Ilikuwa ya vuguvugu. Ilikuwa na unyevu. Ilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

Asubuhi yake ule utando wa mafuta ulikuwa umerudi. Akaufuta. Kesho yake ukarudi tena, mzito zaidi, na safari hii katika matundu ya feni kulikuwa na nywele zimechomoza nje, nyeusi, zikicheza na hewa. Akashika moja kwa ncha za vidole akaivuta. Ilikuja ndefu. Ilikuja ndefu zaidi. Ilipokatika, mwisho wake ulikuwa umelowa.

Alikimbilia nje, akatapika kwenye mfereji.

Waya alikuja, akaondoa ubavu wa kasha, akachungulia ndani. Kisha akajaribu utani. "Mwenye hili alikuwa kinyozi, shemeji." Akatoa nywele, konzi moja, ya pili, ya tatu, zimeshikamana kwa kitu kama nta ya sikio. Chini yake kulikuwa na vipande vya kucha, vingi, vimejikusanya pembeni kama makapi ya mchele.

"Vumbi la nyumba za watu," Waya alisema, lakini alisema kwa sauti ndogo. Alinawa mikono mara nne. Chai aliikataa.

Kazi ikaendelea. Angefanyaje? Mwisho wa mwezi haumsubiri mtu. Mama Chapa alifunga kitambaa puani, akachapa. Mama mkwe, kitini kwake, alianza kulalamika. "Hicho kitu kinakoroma."

"Ni feni, mama."

"Feni haimezi mate, mwanangu."

Siku ya pili baada ya maneno hayo, wakinywa chai, mama mkwe akatema kitu kiganjani. Jino la mbele. Halikuwa na damu wala halikumuuma. Lilitoka tu, kama mbegu ya papai. Wakasema ni uzee. Akaliweka kwenye kisahani alitupe baadaye. Alipolikumbuka, kisahani kilikuwa kitupu.

Kisha binti akalalamika kwamba chanuo linajaa. Mama yake alikuwa amemsuka kwa uzi wa kijani Jumapili. Kufika Jumatano, msuko mmoja haukuwepo. Haukuwa umefumuka. Haukuwepo kabisa, na pale ulipokuwa palibaki ngozi tupu, upana wa sarafu.

"Uliukata?"

"Sijaugusa, mama. Niliamka hivi."

Mchana wa siku ile ile, Mama Chapa akiwa kwenye ukurasa wa mia tatu na arobaini, ukucha wa kidole chake kidogo ulibandukia kwenye kibodi. Hakusikia chochote. Aliuona tu, umelala juu ya herufi, mwembamba, mweupe. Akageuka kuchukua kitambaa cha kuuokotea. Alipogeuka tena, ulikuwa umekwenda.

Akasikiliza. Feni ikavuta hewa. Ikashusha. Ikavuta.

Mama mkwe alikuwa anasinzia, binti alikuwa shule. Mama Chapa akachukua bisibisi, akachomoa waya, akaondoa ubavu wa kasha mwenyewe.

Nywele zilikuwa zimejaa tena. Katikati yake aliona uzi wa kijani. Fundo lilikuwa lake, alilolifunga kwa mkono wake Jumapili. Akalisogeza kwa bisibisi. Chini, pale ambapo Waya alikuwa amechomeka diski, hapakuwa na plastiki tena. Palikuwa na kitu chekundu, laini, chenye kung'aa. Ndani yake, wima, limepandwa barabara, lilikuwa jino la mama mkwe wake.

Bisibisi ikamponyoka. Akanyoosha mkono kuidaka bila kufikiri, na kidole chake kikagusa pale penye wekundu.

Palikuwa na joto. Palikuwa na mate. Na palimlamba.

Mtu mwingine angetoka mbio, na hata yeye mwenyewe, anaposimulia, hufika hapa akatazama chini. Kwa sababu hakutoka mbio. Alisugua kidole kwa sabuni ya unga hadi kikachubuka, akarudi, akasimama mbele ya meza, akahesabu kurasa zilizobaki. Sitini. Mhadhiri angekuja kesho saa kumi. Akajiambia, siku moja tu. Kesho jioni naliondoa. Akarudisha ubavu wa kasha bila kuangalia ndani. Akachomeka waya.

Hakumwambia binti. Hakumwambia mtu.

Asubuhi binti alisema hajisikii vizuri, akabaki kitandani. Mama Chapa akasema pumzika mwanangu, akaketi kuchapa. Hajawahi kuchapa vile. Vidole vilikimbia. Kasha lilipumua haraka, kama mtu anayekula kwa pupa. Harufu ilijaa chumba chote, ya kinywa, ya kwapa, ya kitanda cha mgonjwa. Akakaza kitambaa puani, akaendelea. Saa tisa akaweka nukta ya mwisho. Akahamishia kazi kwenye flashi. Akazima.

Feni haikuzimika.

Akachomoa waya ukutani. Feni haikuzimika.

Ndipo alipokimbilia chumbani. Binti alikuwa ameketi kitandani, amempa mgongo.

"Mama," alinong'ona. "Nishike kichwani. Kuna nini?"

Upande wote wa kushoto hapakuwa na unywele. Si kunyolewa. Kichwa kilikuwa laini kama ganda la yai, bila hata kitundu cha kuotea nywele. Alipogeuka, hakuwa na nyusi. Hakuwa na kope. Akatabasamu kwa aibu, na jino moja likateleza mdomoni likaangukia shuka.

Mama Chapa alilidaka jino lile kabla halijatulia. Akalifumba kiganjani, akapiga kelele ambayo sisi majirani tuliisikia mpaka nyumba ya nne.

Waya alifika ndani ya dakika chache. Wakaliviringisha kasha kwenye turubai. Kasha lile alilolileta kwapani mwanamke mmoja, sasa watu wawili walilinyanyua kwa shida, na njiani turubai lilikuwa linalowa kwa chini.

Muuzaji aliwaona kwa mbali, akashusha mlango wa bati nusu. "Sipokei," alisema. "Hata ukiniongezea, sipokei."

"Ulijua," Mama Chapa alisema. "Ulijua ni nini."

Yule mtu akatazama huku na huku. Akafungua mpira wa mkono mmoja, akavua mfuko. Vidole vyake vitano havikuwa na kucha. Ncha zake zilikuwa za mviringo, laini, kama chuchu.

"Nililibeba siku moja tu," alinong'ona. "Tuliitwa tukatoe vitu kwa mtu aliyekuwa anaishi peke yake. Tulimkuta kitini, mbele ya skrini."

"Alikuwa amekufa?"

"Hapana, mama. Alitusalimia." Akarudisha mfuko mkononi. "Alikuwa amelainika. Mahali pote. Nilimshika bega nimsaidie kusimama, na bega likabaki na umbo la mkono wangu."

Akashusha mlango.

Hawakubishana naye. Walilipeleka moja kwa moja kwenye tanuri la wayeyusha vyuma chakavu, Waya akawaomba walitie kama lilivyo. Lilipoingia motoni lilitoa mlio, si mkubwa, kama mtu aliyekatizwa usingizi. Kisha moshi ukatoka mweupe, mzito, wenye mafuta. Wafanyakazi waliokuwa wanakula waliacha kula. Mmoja akauliza ni nyama gani mmeleta. Waya alikuwa amegeukia ukuta, anatapika.

Mhadhiri alichukua flashi yake na kusifu kazi. Mama Chapa alipokea malipo akayaacha juu ya meza siku tatu kabla ya kuthubutu kuyagusa, kisha akamsajili binti. Binti alifanya mtihani akiwa amejitanda mtandio. Nywele za upande wa kushoto hazijaota. Hamlaumu mama yake, kwa sababu mama yake hajamwambia kuhusu zile kurasa sitini. Alimwambia mama mkwe tu, na yule mzee akasema, "Mwanangu, hilo utalibeba wewe. Mimi nimeshatoa jino."

Waya alifufua ile kompyuta kongwe kwa kuinunulia vifaa vipya kidogo kidogo, feni mwezi huu, memori mwezi ujao. Inachukua muda wake kuwaka, na Mama Chapa hailalamikii tena. Ameihamishia ukuta wa pili.

Mwezi uliopita binti alitaka kupiga pasi. Akaenda kwenye soketi ya ukuta wa kwanza, ile ambayo kasha lilichomekwa, na plagi ikakataa kuingia. Akamwita mama yake. Mama Chapa akainama na tochi. Matundu yalikuwa yamevimba kingo. Yalikuwa mekundu, laini, yenye unyevu.

Fundi umeme alikata waya wa soketi ile, akasema ni kutu, akaondoka bila kumaliza soda yake. Mama Chapa akaiziba kwa tepu nyeusi. Huibadilisha kila Jumamosi, akiwa amevaa glavu, kwa sababu kila Jumamosi huikuta imelowa na kutafunwa. Alama za meno ni ndogo, kama za mtoto mchanga. Wiki ile ya kwanza zilikuwa mbili. Jumamosi hii alinionyesha ile tepu, ameikunjia ndani ya karatasi, tukahesabu pamoja.

Zilikuwa sita.