Video Iliyojicheza Yenyewe

Kila siku baada ya masomo, Machachari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Darasa lao lilikuwa likitengeneza ukurasa wa mtandaoni wa kuwafundisha watu kutambua habari za uongo, na kazi ya kuweka video alipewa yeye.

Alichagua video iliyowahi kusambaa mtaani, ikimwonyesha Mama Mikate, mwuza mikate wa mtaa huo, akitia sabuni kwenye unga. Ilikuwa video ya kuungaunga, uongo mtupu. Machachari alieleza vizuri jinsi ilivyoghushiwa, ila maelezo aliyaweka chini kabisa.

"Usiiache ijicheze," mwalimu wa kompyuta alimwambia. "Msomaji asome kwanza, kisha aibonyeze mwenyewe."

"Sawa, mwalimu."

Mwalimu alipompa kisogo tu, Machachari akaitegesha ijicheze ukurasa ukifunguliwa, na sauti juu. Alitaka ukurasa uchangamke.

Watu waliufungua, wakaona sabuni, wakaufunga. Nani alikuwa na subira ya kushuka hadi chini? Siku ya tatu mikate ya Mama Mikate ilikauka kwenye rafu.

Binti yake alikuwa akiketi dawati moja na Machachari tangu darasa la kwanza. Asubuhi hiyo alifika macho yamevimba.

"Mama alikuwa ameanza kusahau," alisema polepole. "Jana amelia tena. Na aliyeirudisha video ile ni wewe."

Akachukua begi lake, akahamia dawati la nyuma. Machachari hakungoja kengele; alimfuata mwalimu, akamweleza kila kitu bila kuficha.

Waliitoa video, wakaweka picha iliyotulia yenye alama nyekundu, na maelezo yakapanda juu. Jioni wakaenda pamoja kuomba radhi. Mama Mikate alisikiliza, mikono imejaa unga.

"Ulichoandika ni kizuri, mwanangu," alisema. "Lakini uliutanguliza uongo ukapiga kelele, ukweli ukauacha ukisubiri kusomwa. Nimekusamehe."

Wateja walirudi mmoja mmoja. Binti wa Mama Mikate hakurudi dawatini. Kila asubuhi Machachari alisogea pembeni, akaacha nusu ya dawati wazi, na kila asubuhi rafiki yake alipita bila kumtazama.

Mwalimu aliliona hilo. Akainama karibu na Machachari.

"Ukurasa tuliurekebisha kwa dakika kumi," alisema. "Mtu uliyemuumiza harekebishwi kwa kubonyeza. Msalimie tena kesho, na kesho kutwa, hata asipoitika."