Tutaongea Nyumbani

"Tiketi ni mbili, Rangi. Moja yako, moja ya mama yangu. Sasa mama yako ataingia na nini, na kivuli chake?"

"Ataingia na ya kwangu."

"Na wewe?"

"Mimi nitaruka ukuta."

Fundi akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Rangi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu, chanuo mkononi, anamchana mama yake nywele. Anagawa, anapaka mafuta, anagawa tena. Mama mwenyewe alikuwa akiwatazama kwa zamu, huyu, kisha yule, kama mtu anayefuatilia mpira.

"Sikiliza, mpenzi. Umeme wa jukwaa lile nimefunga mimi, waya kwa waya. Nimekuwekea kiti mbele kabisa. Mwache mama na jirani jioni moja tu. Kwani atakufa?"

"Chunga mdomo wako, anasikia."

"Samahani, Mama."

"Ba-ba-ba," mama akasema, akageuzia uso dirishani.

Tangu kiharusi kimpige, maneno ya mama yalibaki ndani kama maji kwenye bomba lililoziba. Akitaka chumvi, ba-ba. Akikasirika, ba-ba. Lakini redio ikipiga wimbo wa Msafiri, mambo yanabadilika. Msafiri ndilo jina watu walilompa yule mwimbaji wa kike, maana yeye na gitaa lake hawakai mji mmoja wakazoeleka. Amezichukua nyimbo za bibi zetu, akazivalisha viatu vipya. Basi Msafiri akianza, mama hufungua kinywa na maneno yakatoka yote, yamenyooka, hakuna lililovunjika. Daktari alisema hutokea, kwamba kusema na kuimba havipiti mlango mmoja kichwani. Rangi hakuhitaji maelezo. Alijua tu kwamba sauti ya mama yake inakaa ndani ya nyimbo zile, na kesho mwenye nyimbo anakuja.

"Mama anakwenda," akasema. "Mimi nitanunua tiketi nyingine. Na kama zimekwisha, nitamsukuma mpaka mlangoni, tusikilize tukiwa nje."

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu kama nazi."

"Na wewe unaipenda nazi hiyo hiyo."

Hapo hakubisha. Alimpenda. Alimpenda tangu siku alipoingia kwenye duka la rangi za kuta, akamkuta anachanganya ndoo ya rangi na kumkemea mteja aliyekuwa akimharakisha. Tatizo halikuwa mapenzi. Tatizo lilikuwa neno moja. Fundi alipoanza kutaja ndoa, Rangi alimwambia wazi, "Nitakuja kwako. Lakini nikija, mama anakuja. Hana mwingine." Fundi alikuwa akiishi na mama yake, kwenye nyumba ya mama yake. Akajibu, "Ngoja nimwambie mama." Akangoja. Mvua zikaja, zikaondoka, mtu bado anangoja. Na mama yake Fundi, fununu zilipomfikia, aliweka mambo hadharani pale sokoni: "Mimi nataka mkwe. Sitaki wodi."

*

Kiwanja cha mpira kilifurika kabla jua halijapoa. Tiketi nyingine zilipatikana. Rangi alisukuma kiti, na Mama Pacha, jirani yao, alitangulia akipasua njia kwa kiwiko na ulimi.

"Pisheni! Pisheni, kuna malkia! Wewe kaka mwenye kofia, huoni magurudumu? Yakikupanda mguu usilie!"

Walipata nafasi pembeni, karibu na uzio. Simu ya Rangi ikatetemeka.

"Uko wapi? Njoo mbele. Kiti chako kiko jirani na mama yangu."

Akajibu: "Tuko pembeni, mkono wa kushoto. Mimi, mama na Mama Pacha."

Ikarudi upesi: "Mwache hapo na Mama Pacha. Njoo peke yako. Tafadhali. Leo tu."

Rangi akainua shingo. Kule mbele alimwona mama yake Fundi amekaa wima, kajifunga kilemba kinachong'aa, anajipepea na kuwasalimia watu kama mgeni rasmi.

"Mbona kapendeza hivyo?" akanong'ona Mama Pacha. "Kuna jambo hapa. Mtu havai vile kwa ajili ya gitaa."

Kabla hawajalichambua jambo hilo, Msafiri akapanda jukwaani. Mwembamba, hana madoido, gitaa kifuani. Akapiga nyuzi mara moja na kiwanja kizima kikanyamaza. Akaanza kuimba.

Na mama akaimba.

Hakuimba kwa kunong'ona. Aliimba kwa ile sauti yake ya zamani, ya kufulia nguo uani, kila neno mahali pake. Mkono wake mzima ulikuwa ukipiga mapigo kwenye kiti. Watu waliokuwa karibu wakageuka. Mama Pacha, asiyenyamaza hata kanisani, alinyamaza, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Rangi alichuchumaa, akaegemeza kichwa kwenye bega la mama yake, akamsikiliza yeye, si yule wa jukwaani.

Wimbo wa tatu ulipoisha, Msafiri akasogelea maiki.

"Jamani, huu umeme mnaouona umefungwa na kijana mmoja wa hapa kwenu. Ameniomba kitu, na mimi wapendanao siwezi kuwanyima. Fundi, panda juu!"

Kelele zikalipuka. Fundi akatokea, shati jipya, jasho usoni. Akashika maiki kama mtu aliyeshika waya wenye moto.

"Rangi. Rangi wangu, njoo."

"Haa!" Mama Pacha akajishika kifua. "Si nilisema? Si nilisema!"

Umati ukampasulia Rangi njia. Mikono ikamsukuma mgongoni, "Nenda dada, nenda, ndege katua!" Alipopita mbele, mama yake Fundi alimpa tabasamu na kumwambia chinichini, "Simama vizuri, mwanangu, wanapiga picha." Hapo ndipo Rangi alipoelewa yote kwa mara moja: tiketi mbili, kiti cha mbele, njoo peke yako. Mbele ya umati wote huu, nani atasema "lakini"? Atavishwa pete, vigelegele vitapigwa, na lile neno lake moja litazikwa humo humo.

Akapanda. Fundi akapiga goti, pete mkononi.

"Rangi, mbele ya watu hawa wote, utakubali niwe mume wako?"

"Kubali! Kubali! Kubali!" kiwanja kikaitikia.

Rangi akaichukua maiki. Sauti yake ilitulia.

"Fundi, nakupenda. Wasikie wote. Lakini umeuliza nusu. Mama yangu yule pale pembeni, kwenye kiti. Nikija kwako, yeye ataishi wapi?"

Kelele zikapungua, kama redio iliyopunguzwa sauti. Fundi akageuza macho, wote wakayaona yakigeuka, akamtazama mama yake kule kwenye kiti cha mbele.

"Oyaa, mwanaume!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Umeulizwa wewe, si yeye!"

"Mpigieni simu, labda hapatikani!" akadakia mwingine, watu wakaangua kicheko.

"Rangi," Fundi akanong'ona, lakini maiki ikamchukua, kiwanja kizima kikasikia, "hilo tutaongea nyumbani."

"Sawa," akasema Rangi. "Basi na hili nalo tutaongea nyumbani."

Akamrudishia Msafiri maiki yake kwa mikono miwili, kwa heshima, akashuka ngazi. Wapo waliozomea. Wapo wanawake waliopiga vigelegele. Msafiri akamtazama yule kijana aliyebaki na goti chini.

"Inuka, kaka," akamwambia. "Hapo chini hamna jibu."

*

Fundi aliwakuta kwenye geti la kutokea, anahema.

"Umeniaibisha! Mji mzima! Umeshindwa hata kusema ndiyo, halafu tukazungumza?"

"Halafu tukazungumza nini, Fundi, nikiwa nimeshavaa pete? Wewe hukuniuliza pale. Ulinitega. Ulijua nikiwa nyumbani nitasema neno langu, ukasema ngoja nimpeleke kwenye umati, ataona haya."

"Nilitaka iwe siku nzuri."

"Ilikuwa nzuri. Mama yangu ameimba leo. Ulimsikia?"

Fundi hakuwa amemsikia.

"Nakupenda," Rangi akasema. "Ningekuwa sikupendi ningekubali tu, nikaja kukutesa polepole. Usinipigie mpaka umwambie mama yako. Umwambie wewe, kwa mdomo wako. Na kama huwezi, usinipigie kabisa."

Mama yake Fundi akafika, kilemba kimekaa upande.

"Mwanangu, twende zetu. Wanawake hawajaisha duniani."

Fundi akamtazama Rangi. Akamtazama mama yake. Kisha akaondoka na mama yake.

"Umemwona?" Mama Pacha akafyonya. "Mwanaume mzima anaburutwa kama gunia."

"Mwache, Mama Pacha. Tusukume."

*

Kila mtu alikuwa na video ya pale jukwaani. Kesho yake dukani watu walikuja kununua brashi moja ili wapate kumtazama.

"Dada, ile rangi ya kukataa mnauza ndoo au kopo?"

"Tunauza ndoo. Kwa ukubwa wa umbea wako utahitaji mbili."

Walicheka, yeye akachanganya. Mwenye duka alimwambia apumzike, akakataa. Alilia, ndiyo, lakini alilia stoo, kati ya makopo, akafuta uso akarudi. Shangazi yake alimpigia kumwambia, "Mwanamke mwenye mzigo hachagui njia." Rangi akamjibu, "Shangazi, huyo mzigo ni mke wa kaka yako." Simu ikakatwa upande wa pili.

Wiki ikaisha. Jioni moja Fundi akaandika: "Nakukumbuka mpaka nashindwa kula."

Akajibu: "Umemwambia?"

Kimya.

Alilala na ile simu kifuani. Kumsubiri hakukumshinda, kusubiri alikuwa amekuzoea. Kilichomwuma ni kwamba alishaanza kujifunza maisha bila yeye, na alikuwa anaweza.

Kisha, siku ya katikati ya wiki, duka limejaa, Fundi akaingia. Amekonda. Ana begi la nguo begani.

"Foleni, kaka," akasema mzee mmoja aliyekuwa akisubiri rangi yake.

"Samahani, mzee. Mimi sinunui." Akamgeukia Rangi. "Nimemwambia."

Rangi hakuacha kukoroga. "Umemwambia nini?"

"Nimeitazama ile video mpaka simu ikachoka. Ulipouliza, nilimtazama mama kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtu mzima mimi, nyumba za watu nazipa mwanga! Nikaona aibu. Sikuona aibu kwa sababu umenikataa. Niliona aibu ya ile sura. Jumapili nikamwambia: Mama, Rangi nampenda, na mama yake ataishi nami. Kama ni hapa, hapa. Kama si hapa, nitapanga."

"Akasema?"

"Akasema niondoke na vyombo nisiguse. Nikachukua nguo, nikahamia kwa rafiki yangu. Nimepata vyumba viwili, vya chini, havina ngazi. Kiti kitapita. Nimekipima mlango kwa mkono wangu."

Hata mwenye duka aliacha kuhesabu misumari.

Simu ya Fundi ikaita. Akaitazama. "Ni mama."

"Pokea," akasema Rangi. "Weka sauti ya juu."

"Uko wapi?" ilikuwa sauti ya mama yake, kali.

"Niko dukani kwa Rangi, Mama."

"Anasikia?"

"Nasikia, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikie vizuri. Huyu mtoto kahama na hata soksi moja hakuacha. Nyumba ina vyumba vinne, nazungumza na kuta. Jana nimejikuta nampigia kelele paka, na yeye kaondoka. Kwa nini mpange kwa watu?"

"Mama," Rangi akasema taratibu, "mimi sitaki nyumba yako. Nataka mama yangu asionekane wodi."

Mzee wa foleni akaisogelea simu kuhakikisha haijakatika.

"Ulilisikia hilo?"

"Nililisikia, Mama. Na mama yangu aliambiwa."

"Basi lile neno nitakuja kuliomba msamaha mwenyewe, mbele yake. Nitakuja leo. Haongei kabisa, huyo mama?"

"Haongei, Mama."

"Bora. Nitapata mtu wa kunisikiliza."

Ikakatwa. Mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akamfuata, duka zima likacheka. Fundi alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anajifuta kwa mkono wa shati. Akaanza kukunja goti.

"Simama," Rangi akamwambia. "Sakafu ina rangi mbichi. Niulize ukiwa umesimama, unanitazama mimi."

Akasimama. Akamtazama yeye.

"Rangi, wewe na mama yako, mtakubali tuishi pamoja? Mimi niwe mume wako, na yeye awe mama yangu?"

"Kwa upande wangu, ndiyo," akasema Rangi. "Yeye nenda ukamwulize mwenyewe. Yuko nyumbani na Mama Pacha. Chuchumaa, macho yako yafike kwenye macho yake, na usimharakishe."

Fundi akatoka mbio, begi likimpiga mgongoni, hata kuaga akasahau. Rangi akafuta machozi kwa kiwiko, maana viganja vyake vilikuwa na rangi, akaishika ndoo iliyofuata.

"Haya," akaiambia foleni. "Nani anafuata?"

"Mimi," akasema yule mzee. "Ila mimi nataka rangi tu."